Kuikagua Kompyuta ya Zamani Kabla ya Kuigawa



Kabati la chumba chetu halifungiki tena. Tulipotangaza kwamba tunapokea kompyuta za zamani, baadhi tuzipe familia za hapa ambazo watoto wanafanyia kazi za shule kwenye simu ya mama, na baadhi zipelekwe nyumbani Afrika Mashariki, tulitegemea tano au sita. Hadi Jumamosi iliyopita zimefika laptopu 21, kompyuta za mezani 4, na mfuko wa nyaya ambao hakuna aliyethubutu kuufungua. Sababu inajulikana. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ingawa mtu akijiandikisha anaweza kuendelea kuyapata hadi Oktoba 2026, watu wengi wameona bora wanunue mashine mpya. Zile za zamani zimeishia kwetu.

Nyingi hazina ugonjwa wowote. Nyingine zina ugonjwa unaotibika. Na chache, nasema kwa heshima zote kwa waliozileta, ni takataka tu. Somo la muhula huu ni namna ya kuzitofautisha. Nimeliandika kwa Kiswahili cha kawaida ili mtoto aweze kulisoma pamoja na mzazi mezani, na maneno ya mafundi nimeyaacha karibu na wanavyoyatamka. Wanaotoka Kenya watasema tarakilishi badala ya kompyuta na kipakatalishi badala ya laptopu. Ni sawa kabisa, simkosoi mtu.

Kwa nini nakazania ukaguzi

Dada yangu ana duka dogo la steshenari Tanga. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Mwaka 2019 kompyuta yake ilikufa, nami nikamnunulia laptopu iliyotumika. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, ina rangi ya bluu ya kupendeza, na haikuwa na hata mkwaruzo. Niliiwasha nikaona inawaka, nikaifunga kwenye kanga mbili, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri.

Baada ya wiki tatu ikaanza kuganda. Windows ilitaka kujisasisha, ikasema nafasi haitoshi. Dada akafuta picha zote, akafuta nyimbo, bado haitoshi. Fundi alipoifungua hakukuta diski ya kubadilisha wala kumbukumbu ya kuongeza. Hifadhi yote ilikuwa gigabaiti 32, imelehemewa kwenye bodi, na kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 2, nayo imelehemewa. Windows yenyewe ilikuwa imeshakula zaidi ya nusu ya nafasi siku ile ile iliyotoka kiwandani. Yote hayo yaliandikwa kwenye mashine, lakini mimi sikusoma. Huo ulikuwa msimu wa vijana kuomba mikopo ya chuo, na dada alilazimika kukodi kompyuta ya jirani ili asiwapoteze wateja.

Hakunilaumu. Aliniambia, "Ahsante mdogo wangu, kwa sasa nimeiweka kabatini." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama.

Tangu hapo, nikipewa kompyuta siulizi kama inawaka. Nauliza itafanya kazi gani, mikononi mwa nani, na ikisumbua huko iendako je, fundi atakuta kitu cha kutengeneza?

Iangalie kabla hujaiwasha

Sisi wauguzi hatuanzi na vipimo. Tunaanza kwa kumtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni. Kompyuta nayo iweke mezani, zima, bila chaja, uitazame.

Cha kwanza ni betri. Kama laptopu haikai sawa mezani bali inayumba, au kifuniko hakifungi vizuri, au tachipadi, kile kibao unachokipapasa kwa kidole chini ya kibodi, imeinuka, basi betri imevimba. Wanafunzi, hapa hakuna ujasiri. Usiichaji, usiiwashe, usibonyeze uvimbe kuona kama utarudi, na usijaribu kuichomoa kwa bisibisi. Betri za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Ita mtu mzima. Tunaiweka juu ya kigae, mbali na karatasi na mapazia, kisha mzazi anaipeleka kwenye kituo cha halmashauri kinachopokea vifaa vya umeme. Kati ya laptopu zetu 21 tumekuta mbili za namna hii. Moja ilikuwa chini kabisa ya rundo, imelaliwa na wenzake tisa, na watoto wa darasa la wadogo walikuwa wanalikalia lile rundo kama benchi. Nilipoiona miguu iliniisha nguvu.

Cha pili ni bawaba, zile zinazoshika kioo. Fungua na ufunge taratibu. Bawaba ikikaza sana au ikialika, siku si nyingi itavunja kioo. Kisha tazama matundu ya USB. Ulimi wa ndani ukiwa wa bluu, kwa kawaida ni USB ya tatu, na mashine hiyo yaelekea ni ya 2012 au baada yake. Chini ya mashine kukiwa na stika ya Windows 7 yenye namba ndefu ya leseni, yaelekea ni ya miaka ile kabla ya Windows 8 kuingia mwaka 2012, maana baada ya hapo watengenezaji walianza kuificha namba hiyo ndani ya bodi.

Vumbi lisikutishe. Kompyuta iliyokaa jikoni kwa miaka minane hujaa nyuzinyuzi kwenye feni, inapata joto, inajizima, na mwenyewe anadhani imekufa. Brashi laini ya kupakia rangi na subira vinatosha mara nyingi.

Siri za watu

Nilitaka kuliweka jambo hili mwisho. Yaliyotokea yamenifanya nililete hapa.

Jumamosi ya pili ya zoezi letu niliwaruhusu wanafunzi wawili wawashe laptopu moja iliyoletwa bila nywila. Mmoja, kwa udadisi wa umri wake, akafungua pipa la taka lililo kwenye skrini. Ndani mlikuwa na barua za uhamiaji za familia moja, hati za kusafiria zilizopigwa picha, na karatasi za hospitali za mtoto wao. Nilifunga kifuniko kabla hawajasoma, au hivyo ndivyo ninavyoomba. Jioni nilimpigia simu mwenye mashine. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini nilifuta kila kitu, Mwalimu."

Alikuwa amefuta kweli. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu mimi niliyewasha mashine ya mtu mbele ya watoto kabla ya kumwuliza. Kazini siruhusiwi kuacha skrini ya mgonjwa wazi hata ninapokwenda kuchukua maji, na hapa shuleni, ambako sote tunajuana majina mpaka ya babu, nilisahau. Tumekubaliana naye, na kuanzia sasa utaratibu umebadilika.

Elewa hivi: kufuta faili ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura zote bado zipo ndani. Hata ukimwaga pipa la taka, hata ukifanya ule usafishaji wa haraka wa diski, mwenye programu ya bure ya kurudisha faili atazisoma. Kwa diski ya kuzunguka, dawa ni kuandika data tupu juu ya diski nzima, na mara moja inatosha. Hadithi za kuandika mara saba ziacheni. Kwa SSD, tumia amri ya kufuta kabisa inayotolewa na mtengenezaji wake, kwa sababu SSD huhamisha data kwenye vyumba vyake yenyewe na ukiandika juu unaweza usiifikie yote. Windows ina njia yake pia: unapochagua kuirudisha kompyuta kama ilivyotoka dukani, ingia kwenye mipangilio ya ziada uwashe kipengele cha kusafisha diski. Kinachukua saa kadhaa. Acha kichukue. Diski iliyokufa ambayo haiwezi kusafishwa tunaitoa, na mwenyewe anarudishiwa mkononi akaitoboe kwa drili au afanye anavyopenda.

Kwa hiyo mzazi akileta kompyuta atajaza karatasi: je, umeshanakili picha zako, je, umeshatoka kwenye akaunti zako, na je, ni yako kweli? Hilo la mwisho lina sababu. Laptopu ya ofisi hata ikikaa nyumbani kwako miaka minne bado ni ya ofisi, na nyingi zimefungwa kwa mbali. Ukiisafisha na kuiwasha upya inadai barua pepe ya kampuni. Chromebook za shule nazo ni hivyo hivyo, na kompyuta za Apple zilizofungwa na akaunti ya mtu zinamhitaji mtu huyo. Hatuna ujanja wa kuzifungua na hatutautafuta. Mwambieni mwenye nayo aiachie wakati bado mnampata kwa simu.

Umri wake haupo usoni

Sasa tuje penye utamu. Baba mmoja aliweka laptopu yake mezani kama anaweka ng'ombe wa mahari. "Mwalimu, hii ni i7. Nyingine zote hapa ni i5 na i3, hii usiichanganye nazo." Binti yake wa miaka kumi na tatu akageuza stika, akasoma, akasema polepole, "Baba, ni i7 ya kizazi cha pili. Ya 2011."

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na wengi wetu tunaangalia ile i3, i5, i7 tu. Hiyo inakuambia ukubwa wa cheo ndani ya kizazi kimoja. Kizazi chenyewe kimeandikwa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Ya yule baba ilikuwa i7-2620M. Namba ya kwanza ni 2, kizazi cha pili. Pembeni yake kulikuwa na i3-8130U, kizazi cha nane, ya 2018. Zote mbili zina viini viwili, lakini ile ya i7 imeundwa kwa wati 35 na ile ya i3 kwa wati 15, na i3 haiachwi nyuma na mzee huyo kwa kazi za kila siku. Kwa mtu anayehesabu tokeni za umeme, au anayetegemea betri umeme ukikatika, wati hizo 20 si kitu kidogo.

Kanuni ya kusoma: tarakimu nne zinazoanza na 2 mpaka 9, ile ya kwanza ndiyo kizazi. Ikianza na 1, soma mbili za mwanzo: i5-10210U ni kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Ukikuta tarakimu tatu tu, kama i5-520M, hiyo ni kizazi cha kwanza kabisa, karibu mwaka 2010. Kizazi cha tatu kilitoka 2012, cha sita 2015, cha nane 2017. Hicho cha nane kikumbukeni kwa sababu mbili. Kwanza, laptopu za i5 za kawaida hapo ndipo ziliporuka kutoka viini viwili hadi vinne. Linganisha i5-7200U na i5-8250U. Pili, kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali karibu zile tu za kuanzia kizazi hicho, tena zikiwa na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. AMD wana hesabu yao, nayo inachanganya, tutaisoma siku nyingine.

Majina ya Celeron, Pentium na Atom hayafuati kanuni hii. Mashine ya dada yangu ilikuwa Celeron. Si kwamba zote ni mbaya, ila ukiona jina hilo usisimame hapo, endelea mpaka ujue hifadhi ni ngapi na kama imelehemewa.

Stika ikiwa imebanduka, washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Utaona prosesa, kumbukumbu na jina kamili la mashine. Windows ikiwa haipo, bonyeza F2 mfululizo mara tu inapowaka (kwingine ni F10, Esc au Delete) uingie kwenye ukurasa wa bodi. Ukidaiwa nywila hapo, tumerudi kwenye simu ya mwenyewe.

Kumbukumbu na diski

Watoto huchanganya haya mawili kila mara, na wazazi pia. Kumbukumbu, ile RAM ya mafundi, ni meza unayofanyia kazi. Diski ni kabati. Ukizima umeme, meza inafagiliwa, kabati linabaki.

Gigabaiti 4 za kumbukumbu zinatosha kuandika barua na kufungua ukurasa mmoja mmoja wa intaneti. Kwa mtoto anayefungua kurasa kumi huku mwalimu wake yuko kwenye video, nataka 8. Mashine nyingi za ofisi zina kifuniko kidogo chini, unafungua skrubu mbili unaongeza mwenyewe. Ila DDR3 na DDR4 haziingiliani. Ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na lile pengo la katikati haliko mahali pamoja. Ikigoma kuingia, usisukume. Soma pia herufi: PC3L maana yake ni ile ya volti 1.35, PC3 tupu ni ya volti 1.5, na kuna mashine zinazokubali ile ya kwanza tu.

Diski ndiyo inayowafanya watu waseme kompyuta imezeeka. Nimeona laptopu ya kizazi cha nne iliyokuwa inachukua dakika tano kuwaka. Tulitoa diski ya kuzunguka, tukaweka SSD ya ukubwa ule ule wa inchi 2.5, ikawaka mama mmoja akiwa bado anamimina chai. Prosesa haikuguswa. Kama una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hicho.

Diski iliyomo ikaguliwe afya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakuonyesha kwa rangi, na kwenye Linux kuna programu ya Disks. Tafuta idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikianza kuongezeka, diski inakufa, na hatumpi mtu diski inayokufa akaweke tasnifu yake humo. Diski inayogonga, tik, tik, tik, haihitaji programu.

Kuna ugonjwa mmoja mdogo unaopoteza kompyuta nyingi bure. Mama mmoja aliniambia ya kwake "imekataa intaneti". Kila tovuti ilisema si salama. Tulitazama saa pembeni ya skrini: 1 Januari 2012. Kibetri cha saa, kile cha duara kama sarafu, CR2032 cha volti 3, kilikuwa kimekwisha, na kompyuta isiyojua tarehe inaona vyeti vya usalama vya tovuti zote kuwa si halali. Tulibadilisha kibetri, tukaweka tarehe, mama akaondoka na kompyuta yake kwapani.

Betri, chaja na umeme wa nyumbani

Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakuandalia ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake leo ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Mfano wetu wa darasani: 19,200 kwa 48,000, sawa na asilimia 40. Kwa mtoto wa hapa anayekaa jirani na soketi, asilimia 40 si neno. Kwa duka la Tanga au darasa la Kigoma, ni tofauti kati ya kuhifadhi kazi na kuipoteza umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo napendelea kutuma laptopu kuliko kompyuta ya mezani, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi.

Chaja: volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, ncha iingie bila kulegea, na ule mchoro mdogo wa kujumlisha na kutoa ufanane. Wanafunzi wazidishe volti kwa ampea wapate wati: 19.5 mara 3.34 ni kama 65. Plagi ya Uingereza ya miguu mitatu inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya, na Tanzania hali kadhalika kwa soketi nyingi. Waliopokea kompyuta ya mezani ya zamani kutoka kwa ndugu Marekani watazame nyuma, penye kebo ya umeme. Kama kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115, isogezeni kwenye 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo mtasikia mlio mmoja tu.

Anayesafiri na betri iliyo nje ya mashine aibebe mkononi, ncha zimefunikwa, si kwenye begi la chini ya ndege. Iliyovimba haisafiri kabisa.

Jaribio la mwisho

Tuna flashi yenye Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce. Unaichomeka, unawasha ukibonyeza F12 au F9, unachagua flashi, na kompyuta inaamkia humo bila kugusa diski. Hapo tunajaribu sauti, kamera, Wi-Fi na kibodi. Mashine isiyokubali kwa sababu prosesa yake ni ya biti 32, kama vile vilaptopu vya Atom N270 vya 2008, tunaiaga. Za kizazi cha tatu mpaka cha saba, ambazo Windows 11 imezikataa, nyingi zinaendelea vizuri humo kwa miaka.

Kibodi nilikuwa naijaribu kwa kumwambia mtoto aandike jina lake, la mama yake na sentensi tatu za Kiswahili. Tukapitisha laptopu moja ikiwa na vitufe viwili vilivyokufa: Q na X. Kiswahili chetu hakivitumii, kwa hiyo hatukuviona mpaka mwenyewe alipoanza mazoezi ya aljebra. Sasa tunabonyeza vyote, kimoja kimoja.

Baada ya hapo mashine inaingia kwenye moja ya mafungu matatu: iko tayari, inahitaji kitu kimoja, au inatoa viungo. Hilo la tatu lisidharauliwe. Laptopu iliyokufa bodi imetupa kumbukumbu ya gigabaiti 8, chaja nzima na kioo. Linalobaki linakwenda kwenye kituo cha halmashauri, haliendi Afrika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea iridhie kwanza kabla taka zozote za elektroniki hazijavuka mpaka, ziwe za sumu au zisizo za sumu. Kila mashine tutakayotuma itafungwa vizuri ikiwa na karatasi ya vipimo vyake: prosesa, kumbukumbu, afya ya diski, asilimia ya betri, tarehe iliposafishwa, na sahihi ya mwanafunzi aliyeikagua na ya mtu mzima aliyemsimamia.

Jumamosi ijayo tunaanza saa nne asubuhi, saa za Kiswahili. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota alete, mwenye SSD anayoweza kuitoa alete pia. Zimebaki mashine kumi na mbili hazijaguswa.

Mojawapo ya zilizokwisha kupita, i5-6300U yenye gigabaiti 8, SSD, na betri ya asilimia 71, nimeuomba uongozi wa shule niinunue kwa ajili ya dada. Sijaifunga kwenye kanga bado. Nimemwambia kwanza anitumie picha ya stika iliyo nyuma ya printa yake, nijue kama Linux inaifahamu, na aniambie wateja wake wanaleta faili za aina gani. Amejibu kwamba printa iko nyuma ya friji ya soda na kijana wa kuisogeza atakuja Jumatatu.